Ngoma Ilivyorudi Kwenye Magoti ya Hilda

Wifi yangu Hilda, mke wa kaka yangu Elisha, ni mwanamke wa kijiji cha Zuzu asiyejua kutulia. Ndiye anayeanzisha ngoma ya muheme kwenye kikundi chetu cha akina mama, mwaka wa ishirini huu. Ngoma hii tunaipiga tumesimama, tumeibana kwa magoti, mikono inapiga na kiuno kinacheza. Goti likilegea, ngoma iko chini.

Mwezi wa tatu alikwenda Bahi kuangalia shamba lake la mpunga. Bodaboda ikateleza kwenye tope, goti la kulia likapiga jiwe. Hospitali wakasema kuna mshipa wa ndani umechanika kidogo, hakuna haja ya kupasua, apumzike siku chache kisha aanze mazoezi. Sisi tulisikia "apumzike". Ya mazoezi yakapita hewani. Wiki tisa tukamkalisha kwenye godoro kama mwali, mguu juu ya mto, akitaka kuinuka tunamkemea. Mkemeaji mkuu mimi, sijifichi. Aliporudi hospitali paja limesinyaa, goti halikunjiki wala halinyooki, anatembelea magongo.

Na binti yake Lydia anaolewa Septemba.

"Wifi," akaniambia, "Lydia akitoka kanisani halafu ngoma ianzishwe na Mama Mazengo, mimi sitoki ndani."

"Mama Mazengo anapiga kama anatwanga," nikasema, maana ni mwenzetu wa kikundi, namjua.

"Ndiyo maana sitoki."

Hospitali wakamkabidhi kwa mtaalamu wa mazoezi, Joha, binti wa Kondoa, mwembamba, hana maneno mengi. Alimjaribisha hatua mbili sakafuni, Hilda akalia machozi. Joha akasema basi, tuanzie majini, kwa sababu maji yatambebea uzito na goti litafanya kazi bila kuumia. Jumanne na Ijumaa asubuhi, kwenye bwawa la hoteli moja pale mjini.

Siku ya kwanza nilimpeleka kwa bajaji. Alibeba kikapu. Joha akamwamkia shikamoo, kisha akachungulia: sabuni, dodoki na jiwe la kusugulia miguu.

"Mama, hivi vya nini?"

"Si umesema tiba ya maji? Nimekuja kuoga nitakate."

"Hatuogi mama. Tunafanya mazoezi."

"Maji yote haya halafu hamuogi!" Hilda akalitazama lile bwawa kwa uchungu. Nyumbani tunapanga ndoo foleni tangu alfajiri. "Wifi, hapa mtaa mzima ungefua mpaka Krismasi."

Akaingia na khanga zake mbili juu ya gauni. Nguo ya kuogelea alisema hawezi, yeye ni mama mkwe mtarajiwa. Khanga zikajaa hewa, zikapanda mpaka kidevuni. Akaachia chuma cha ngazi ili azishushe, akateleza, akameza maji.

"Nakufa! Wifi, mwambie Elisha asioe yule mwanamke wa Chemba!"

"Simama, mama," Joha akasema.

"Nazama!"

"Simama tu."

Akasimama. Maji yalimfika mbavuni. Alikuwa amesimama kwa miguu miwili, bila gongo, mara ya kwanza tangu Machi. Akainama kuangalia mguu wake chini kule.

"Haliumi," akasema taratibu, kama anaogopa goti litamsikia.

Kuanzia hapo khanga zilibaki kwangu, akawa anaingia na suruali ya kubana ya Lydia na fulana ya kwaya. Mbele, nyuma, ubavu, goti juu, goti chini. Joha hakuwa na huruma, na mimi nikampenda kwa hilo. Julai magongo yakabaki nyumbani. Lakini kubana ndiko kulikomshinda. Joha alimpa mpira aubane kwa magoti chini ya maji mpaka ahesabu kumi. Akifika tatu, goti linatetemeka, mpira unachomoka na kumpiga kidevu.

"Mpira wa mtoto umenishinda," akasema, na safari hii hakuwa anatania. "Ngoma apewe Mama Mazengo."

Nikachoka kumsikia. "Unabana kama unaficha kitu," nikamwambia kutoka ukingoni. "Bana kama muheme!"

Akanitazama vibaya. Kisha akashusha kiuno, akanyanyua mikono, akayapiga maji. Yakamrukia Joha usoni. Akapiga tena, mwendo ule ule anaoanzishia, nami nikaitikia kwa makofi. Joha akahesabu kumi, akahesabu ishirini, akaacha kuhesabu. Mfagizi wa hoteli alitoka na ufagio wake kutazama mama mzima anapiga bwawa. Mpira haukutoka.

Harusini Joha alikuja na masharti: wimbo mmoja, hakuna kuruka. Lydia alipotokea mlangoni mwa kanisa, Hilda akaibana ngoma. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono tayari kuidaka. Akaanzisha. Wenzake wakaingia, vumbi likapanda, na goti la kulia likatulia pale pale ubavuni mwa ngoma mpaka wimbo ukaisha. Joha akanyoosha kidole kimoja juu. Hilda akasonya, lakini akatii, akamkabidhi Mama Mazengo ngoma kwa mkono wake mwenyewe.

"Usitwange," akamwambia.

Kisha akageuka kunitafuta. Nilikuwa nimekaa chini kwenye vumbi, na gauni langu jipya, mikono bado nimeikinga kuidaka ngoma.

"Wifi, una nini?"

"Niache," nikamwambia. "Napumzika."