Kiuno cha Suruali ya Bosi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, kwa kuwa hakuna pindo lililoishinda cherehani yake. Mumewe, seremala, alikuwa mwembamba tangu ujana, kwa hiyo tumbo lake lilipoanza kujitokeza, mama wa watu akavimba kichwa. Alidhani ni mapishi yake! Kila suruali ilipobana aliifumua nyuma, akaongeza kipande cha kitambaa na kumtania, "Haya Bosi, raha zimekukubali." Majirani wakalidaka jina.

Jamani, unono gani unaokondesha mabega? Mashati yalimpwaya huku suruali zikimbana, na fundi huyohuyo alizishona zote bila kushtuka. Mpaka siku alipomzungushia futi kiunoni, mume akaguna na kushika ubavu wa kushoto.

"Funga karakana," mke akaamuru. "Twende hospitali."

"Na kitanda cha watu?"

"Watalala chini kwanza."

Vipimo vikaonyesha kwamba kitambi kile kilikuwa bandama lililovimba. Bosi alikuwa na limfoma, saratani ya chembe za kinga, na damuni mwake mlikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya C. Daktari akamuuliza kama aliwahi kuongezewa damu. Seremala akakunja mkono wa shati, akaonyesha kovu la msumeno la enzi za ujana, siku alipovuja damu mpaka akaongezewa.

"Huenda viliingia hapo," daktari alisema. "Miaka nenda miaka rudi vimezichokoza chembe za kinga. Zimezaliana kupambana navyo, mwisho baadhi zikaasi. Bahati nzuri, saratani hii inakwenda polepole. Tutaanza na vidonge vya kuua virusi. Kwa baadhi ya watu, virusi vikiondoka, saratani nayo hurudi nyuma. Ikigoma, tutaifuata yenyewe."

Yale maneno "kwa baadhi" yalimganda Mama Pindo akilini. Alimsimamia mumewe kwenye vidonge kama askari wa zamu, lakini futi aliitupa kabatini. Aliogopa kumpima. Aliogopa kubaki peke yake, basi.

Dozi ilipokwisha na vipimo kurudiwa, daktari aliwapokea akitabasamu. "Virusi havionekani tena, mzee. Bandama limenywea, na saratani imerudi nyuma. Tutaendelea kukufuatilia, lakini leo furahini."

Bosi akainuka kumpa mkono. Suruali ikaporomoka hadi magotini.

Daktari aligeukia dirisha, mabega yakimtikisika. Mama Pindo alicheka mpaka akashika meza, kisha akalia kwa sauti, kilio alichokibana tangu siku ya kwanza.

"Unalia nini? Nipunguzie kiuno, mke wangu, naadhirika!"

"Nitakupunguzia. Lakini kwanza tunapita nayo mtaani hivyohivyo."

Wakapita. "Bosi, kitambi umekiacha wapi?" majirani walipiga kelele.

"Nimekifumua!" alijibu Mama Pindo, kifua mbele. Nyuma yake Bosi alimfuata, mkono mmoja ukishikilia suruali, mwingine ukiwapungia watu.