Msonyo wa Wiki Mbili

Niliwahi kumsonya bosi wangu kwa wiki mbili, kila siku ya kazi, naye akanishukuru. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nitajitetea. Sina utetezi. Nilikuwa na miaka hamsini na minane, ndevu zina mvi, kidato cha nne nilimaliza, na mama yangu alikuwa amenifundisha kwa kiganja cha mkono wake wa kuume kwamba mtu hamsonyi mwenziwe.

Kazi ilikuwa katika ghala la vipuri vya mashine huko Jordbro, nje ya Stockholm. Kampuni ilikuwa ya Wajapani, vibarua tulitoka kila pembe ya dunia, na kuta zilikuwa za Kiswidi, yaani zilijaa mabango ya kutukumbusha kukunja magoti kabla ya kuinua mzigo. Meneja alikuwa Mjapani mwembamba, mpole, mwenye viatu vya nje na viatu vya ndani. Siku ya kwanza alinipa kadi yenye jina lake kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Mimi nikaipokea kwa mkono mmoja, nikaandika mgongoni mwa kadi zamu yangu ya kutumia mashine ya kufulia kwenye jengo letu kule Jakobsberg, nikaitia mfuko wa nyuma, nikaikalia. Meneja alikitazama kiti changu kwa huzuni.

Kila asubuhi tulijipanga tukafanya mazoezi ya viungo kwa mlio wa kinanda kutoka redio ndogo. Mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Uvira, aliyageuza kuwa rumba, na meneja akawa anamsifu kwa bidii. Mikutano ndiyo iliyonishinda. Waswidi huzungumza mpaka wote wakubali. Wajapani hukubaliana kwanza pembeni, ndipo waitane mkutanoni. Pale petu tulikutana kujadili jambo lililokwisha kuamuliwa, na kahawa ikanywewa mpaka vikombe vikatetemeka mikononi.

Mwaka huo binti yangu alipanga kufunga ndoa Nakuru, Jumamosi moja katikati ya Desemba. Alikulia Stockholm, ndiyo maana mimi humwuliza kwa Kiswahili naye hunijibu kwa Kiswidi. Alikuwa ametangulia nyumbani na mama yake, akanipigia simu.

"Pappa, du kommer väl?"

"Nakuja, mwanangu. Wiki tatu nzima. Nitakaa nawe jikoni kwa bibi yako mpaka unichoke."

Alicheka kicheko kifupi, akaaga. Alikuwa na haki ya kutoniamini. Utoto wake wote nilifanya zamu za jioni; nilimjua zaidi akiwa amelala.

Shida ni kwamba Desemba ndio mwezi wa kuhesabu vipuri vyote, mpaka skrubu ya mwisho. Nikaenda kwa meneja na kalenda, nikamwonyesha zile wiki tatu. Akaitazama. Akainamisha kichwa upande. Kisha akavuta hewa katikati ya meno, ndefu: "Sssss."

Nilitoka ofisini kabla hajamaliza. Mkongo alikuwa mlangoni na lebo za makasha.

"Papa, amekusonya?"

"Amenisonya."

"Mbele ya watu?"

"Si wewe ulikuwepo?"

"Mimi si watu, mimi ni shahidi." Akaweka lebo chini. "Kwetu mtu akimsonya mzee, hata mvua inakataa."

"Nitamrudishia."

"Mrudishie, papa. Lakini kwanza pata likizo."

Hilo lilikuwa neno la hekima, na nililipuuza papo hapo.

Kesho yake meneja aliniuliza, kwa Kiswidi chake kilichochechemea kama changu, kama makasha ya mteja fulani yangeweza kuondoka Alhamisi. Nilisimama wima, nikainamisha kichwa upande kama yeye, nikamsonya. Haukuwa msonyo wa kichokozi wa watoto wa shule. Ulikuwa msonyo wa sokoni, ule unaoanzia kwenye magego na kumalizikia kwa jirani. Mkongo aliangusha kasha.

Meneja akatikisa kichwa polepole. "Naelewa," akasema. "Jumatatu basi." Akainama, akaenda zake.

Tuliachwa tumepigwa na butwaa. Makasha kweli yaliondoka Jumatatu. Ijumaa ya wiki ile ile ya kwanza aliniomba nifanye saa za ziada. Nikamsonya, akaomba radhi kwa kunisumbua. Wiki ya pili habari zikaenea, na watu wa idara nyingine wakawa wanakuja kuniomba nikawasonyee. Meneja alifika hata kuniambia kwamba katika miaka yake yote ya Ulaya, mimi nilikuwa wa kwanza kujua kukataa kwa adabu. Nilidhani ananidhihaki, nikamwongezea mwingine.

Ndipo ikaja siku niliyopotezea wiki zangu. Nilikuwa juu ya gari la kunyanyulia mizigo. Meneja alinijia na kalenda ameishika kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Safari ya Desemba. Bado unaweza?"

Sikusikia swali. Nilimwona mtu na kalenda ile ile aliyonisonyea. Nikamjibu kwa msonyo bora kuliko yote, hadi njiwa aliyekuwa kwenye boriti akaruka.

"Aa," akasema. "Pole sana."

Jumatatu iliyofuata nikakuta zile wiki tatu kwenye kalenda ya ukutani. Alikuwa amepewa msimamizi wetu, Mswidi wa kaskazini asiyeongea sana, aliyekwisha kukata tikiti ya kwenda kuota jua visiwani. Kumbe, kama alivyokuja kuniambia mwenyewe, meneja alikuwa amepiga simu makao makuu mara kadhaa akinitafutia nafasi, akaipata, akaniletea, nami nikaisonya.

Lakini kosa langu nililijua kwanza kwa dirisha la ofisi yake. Nilikuwa naelekea mlangoni kugombana. Nikamwona anaongea na mkubwa wake wa Japani kwenye simu, amesimama, anainama hadi kiunoni, na katikati ya kuinama anavuta hewa: "Sssss." Nikasimama. Ni mtu gani anamsonya mkubwa wake huku anamsujudia? Haukuwa msonyo. Ulikuwa namna yao ya kusema, jambo hili ni gumu.

Niliingia, nikavua viatu ingawa haikutakiwa, nikaungama.

"Kwetu," nilisema, "sauti ile ni tusi."

Alifikiri. "Tusi dogo?"

"Kubwa."

"Siku zote zile?"

"Zote."

"Hata ya yale makasha ya Alhamisi?"

"Ile hasa."

Halafu akaniomba nimsonye tena, rasmi, ili asikie tofauti. Nikamsonya. Akajaribu. Nikamsahihisha: ya kwetu midomo husaidia. Alijaribu tena, na safari hii, nakiri, niliumia kidogo.

"Ni bora kuliko yetu," akasema, akafunika uso kwa mikono, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Kisha akasema zile wiki hawezi kumnyang'anya msimamizi, nimwombe mwenyewe.

Nilimkuta msimamizi kwenye kahawa ya saa nne. Nikamweleza harusi, nikamwomba aniachie walau siku chache za kwanza. Alinitazama. Kisha akavuta pumzi ghafla kwa midomo iliyobana: "Shhup!"

Nikasema moyoni, huyu naye! Nikageuka kwenda zangu.

"Unakwenda wapi?" aliniita.

"Umekataa."

"Nimekubali. Kwetu kaskazini hiyo ndiyo 'ndiyo'."

Mkongo aliweka kikombe mezani. "Papa," akasema, "nchi hii ingekuwa na maneno ingetusaidia."

Msimamizi alisogeza safari yake, nikapata siku tano. Tano, badala ya ishirini na moja, na mbili zikaishia njiani. Nilifika Nakuru Ijumaa na sanduku la zawadi, nikamsindikiza binti yangu kanisani Jumamosi. Kukaa naye jikoni ilikuwa asubuhi moja tu, ya Jumapili, yeye anachemsha chai nami namtazama, na mara tatu akaniambia kwa Kiswidi niache kumtazama. Asubuhi nyingine zote nilizitupa mwenyewe, kwa meno yangu mwenyewe. Sina wa kumlaumu.

Mchana ule wakwe walikuja kutuaga. Baba wa bwana harusi, mzee wa heshima na fimbo, akasimama mbele ya ndugu wote akanishika mkono.

"Mkwe, utatuachia hata wiki moja zaidi?"

Nilitaka sana kusema ndiyo. Nikafikiria ghala, na skrubu, na msimamizi mwenye tikiti. Nikainamisha kichwa upande, nikavuta hewa katikati ya meno: "Sssss."

Mzee aliuachia mkono wangu kidole kimoja kimoja.

"Pappa!" alipaza sauti binti yangu. Kisha akamgeukia baba mkwe wake, akapiga magoti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake nikamsikia akinitetea kwa Kiswahili kirefu, kibovu, kisichokwisha.