Aliyelala Kinywani mwa Rachida

Hapakuwa na msiba mtaani Mikelenge, wa Waislamu wala wa Wakristo, ambao Rachida hakuitwa kuimba. Kila mara alianza na ubeti wa Soudi, mchumba wake. Miaka ya vita, mji wa Kindu ulipozingirwa na njaa ikaingia majumbani, Soudi alivuka mto Lualaba kwa mtumbwi kutafuta mihogo, akapigwa risasi katikati ya maji. Hakuonekana tena.

Soudi huna kaburi, uje ulale kinywani;
maji hayatoi siri ya aliyezama ndani.

Twaibu, mumewe, fundi cherehani sokoni Kasuku, aliuvumilia ubeti huo. Kilichomshinda ni wenzake. "Twaibu, bibi yako analalisha maiti mu kinywa, wewe anakulalisha wapi?" Walicheka mpaka mashine zikasimama.

Alirudi nyumbani amekunja uso.

"Mama Amani, ule muntu utamutoa lini?"

"Baba Amani, unamuonea wivu muntu mwenye hana hata kaburi?"

"Mimi njo bwana yako. Weka jina yangu."

Rachida aliacha kutwanga sombe, majani ya mihogo ya chakula cha jioni. "Jina ya muntu mwenye angali muzima haiingiake mu kilio. Unajua vile."

"Weka."

Vita vilimnyang'anya mchumba bila kumwuliza. Sasa amani nayo ilidai hata jina la mchumba huyo, kwa mdomo wa mtu anayekula chakula chake. Hakubishana tena.

Jirani yao Jeannette alipofiwa na mama yake, wanaume waliketi chini ya turubai, wanawake mikekani. Rachida akaimba:

Twaibu huna kaburi, uje ulale kinywani...

Chini ya turubai, mtu aliyeketi karibu na Twaibu alijisogeza, na aliyefuata naye akajisogeza, mpaka Twaibu akabaki peke yake kwenye benchi. Bibi Euphrasie, mgeni kutoka Kibombo asiyemjua Twaibu, alimkumbatia Rachida.

"Pole, mwanangu. Maji ilimurudisha?"

Njiani Twaibu alisema kwa sauti ya chini, "Rudisha jina yake."

"Nimurudishe toka wapi? Alikuwa na fasi moja tu ya kulala, na umeingia wewe."

Kila aliyewapita alimsalimia Twaibu, naye aliitikia kila salamu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.