Boriti ya Njia ya Iringa

Kwa miaka mingi nimekana kwamba nakikumbuka kizuizi cha Igawa. Mtu aliyetumia ujana wake akiiomba serikali iondoe boriti barabarani hapaswi kuililia boriti hiyo. Sasa nimestaafu, sina cheo cha kulinda. Nakiri: nakikumbuka, tena sana.

Nilianza kazi Mbeya, miaka ya hamsini, nikiwa karani wa chama cha wakulima na wachuuzi wa nafaka. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kuazima vilivyonibana, nikaketi mbele ya taipu nikingoja kuandika mambo makubwa. Mwenyekiti, mzee wa Kisafwa aliyelima viazi kwenye miteremko ya juu ya mji, alinitazama kwanza viatu, kisha uso.

"Mwanangu, kazi yetu hapa ni kuiomba serikali ifanye kazi kidogo."

"Kidogo kama nini, Mzee?"

"Ikamate wezi, itengeneze barabara, halafu ipumzike. Lakini usiiambie iondoke. Mgeni hafukuzwi. Anapokelewa mzigo."

Baadaye chuo kikuu kilinieleza kwamba hiyo ni falsafa na ina vitabu vinene. Sisi tulidhani ni mahindi.

Siku hizo mahindi na unga havikuvuka mpaka wa wilaya bila kibali, yaani karatasi yenye muhuri wa Bwana Shauri, kama tulivyomwita mkuu wa wilaya. Sheria ilikusudiwa kuzuia njaa. Ilichozuia hasa ni debe la mama wa Mbalizi kumfikia mnunuzi wa Iringa. Kwa hiyo tuliandika hati za maombi kwenda jimboni: unakata stensili, ile karatasi ya nta, unadurufu nakala, kisha unazipeleka kwa wakulima watie dole gumba. Na tulipotaka kufanya mkutano wa kupinga vibali, tuliomba kwanza kibali cha mkutano. Barua hiyo niliiandika mimi, bila kucheka.

Kila Jumamosi nilipanda basi kwenda Iringa na hati zangu, na kila Jumamosi basi lilisimama Igawa. Mlinzi wa kizuizi, mwenye kofia ya serikali na kalamu sikioni, alikuwa baba yangu.

"Kamwene, Karani. Fungua kapu."

"Baba, unajua ni karatasi tu."

"Karatasi za kuniondoa kazini?"

"Ndizo."

"Zimepangwa vizuri. Mbona umekonda? Hicho chama chenu hakina chakula?"

Kisha alinitia hindi la kuchoma mkononi na kumpungia dereva. Mama alikuwa amefariki. Mshahara wa kizuizi ndio ulionisomesha, na ulikuwa bado ukiwalisha wadogo zangu. Nilijua kwamba tukishinda, yeye atakosa kazi. Naye alijua, lakini hakuwahi kuniambia niache. Alinikagua tu, kama abiria wengine.

Mwishowe Mkuu wa Jimbo, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili cha kitabuni, alikubali kuja Igawa kujionea adha. Mwenyekiti aliniagiza nipange msururu wa wakulima wenye mizigo. Nami, msichana wa shule ya misheni, nikahakikisha kila mmoja ana kibali kilichopigwa muhuri sawasawa. Msururu mzima ukapita kama maji mferejini.

"Mbona kazi inakwenda vizuri sana?" akauliza Mkuu wa Jimbo.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Karani, umetuua kwa usafi."

Hapo akatokea mama wa Kisangu, amejifunga kaniki, kapu la unga kichwani. Kwetu, mkwe akifa huendi mikono mitupu. Usipofika na unga, hata machozi yako hayahesabiwi.

"Kibali, mama," baba akasema.

"Cha nini? Nakwenda kumzika mkwe wangu."

"Cha unga."

"Basi mwambie marehemu asubiri ofisi ifunguliwe."

Mkuu wa Jimbo akakohoa. "Mpitishe, Mlinzi."

"Bwana Mkubwa, sheria inataka muhuri."

"Mimi ndiye Mkuu wa Jimbo!"

"Najua, Bwana Mkubwa. Muhuri uko wapi?"

Muhuri ulikuwa Mbeya, kabatini. Watu walijizuia kucheka, wakashindwa. Mkuu wa Jimbo akaiva uso kama nyanya, akalichukua kapu mwenyewe na kulitia ndani ya gari lake, kwa kuwa gari la serikali halikaguliwi. Mama naye akapanda. Kabla ya kuingia garini, yule mkubwa akamgeukia baba.

"Nieleze kweli. Kizuizi hiki kina faida gani?"

Nilitazama viatu vyangu. Baba angeweza kutaja njaa, au walanguzi, na hakuna ambaye angemlaumu, hata mimi.

"Faida yake moja naijua, Bwana Mkubwa. Kinanipa mshahara. Nyingine sijaiona."

Akainua boriti. Gari likapita.

Kazi hii niliifanya miaka mingi baada ya hapo, chini ya wakubwa wa kila rangi, na wote nimewaona wakipenda boriti. Niliandika hoja nyingi, baadhi nzuri, na hakuna iliyofua dafu mbele ya jibu lile. Vijana wakiniuliza siri ya kazi, huwaambia kwamba kila boriti ina mtu anayekula kwayo. Mtazameni usoni kabla ya kuing'oa. Huniitikia kwa heshima, kisha huenda kuandika kitu kingine.

Wiki chache baada ya ziara ile, simu ya ofisi ililia, ile ya kuzungusha kwa mkono.

"Chama? Hapa kizuizi."

"Baba?"

"Jimboni wamenipigia. Boriti imeinuliwa, haishuki tena. Mmeshinda."

Mwenyekiti alikuwa akinitazama. Sikujua uso niuweke wapi. "Na wewe utafanya nini, Baba?"

"Nitalima mahindi. Nasikia siku hizi yanavuka bila kibali."

Nikacheka. Waya ukawa unavuma kati yetu.

"Sikiliza, Karani. Basi la Jumamosi sasa litapita hapa bila kusimama."

"Ndiyo, Baba."

"Mwambie dereva asimame."