Povu la Moto katika Mandari ya Masika

Mwaka 2018, masika yalipokuwa yakimalizika, nikiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, nilipokea maziwa kutoka mkononi mwa mtu ambaye hakupaswa kuwa sokoni wala duniani. Haikuwa ndoto, wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumamosi, tarehe 23 Juni, siku nane baada ya Idi. Niliingia darasa la watu wazima nikiwa na miaka arobaini na miwili, na tangu nilipojua kuandika sijawahi kubahatisha tarehe. Kwa hiyo niamini.

Kwanza ujue kilichonipeleka sokoni. Nilipoolewa mwaka 1986, mama mkwe wangu alinikabidhi ngamia jike kuwa mahari yangu, mbele ya mwanawe mkubwa, Noor. Mama huyo alifariki mwaka 2004, na mume wangu akamfuata mwaka 2016. Ndipo shemeji Noor alipodai kwamba ngamia yule niliazimwa tu, kama ndugu wanavyoazimana ngamia wa kukamua mwaka wa shida, na kwamba ngamia huyo na uzao wake wote warudi kwao. Idadi ya uzao huo sitaitaja. Kwetu mifugo haihesabiwi mbele ya watu. Shahidi mwingine hakuwepo, na kadhi alikuwa ametupangia siku mwezi wa Julai.

Hata hivyo, Noor si mtu mbaya. Nilipojifungua binti yangu wa kwanza, ni yeye aliyenibebea maji siku arobaini, akichekwa na wanaume wenzake. Sikutaka tukutane kwa kadhi kama maadui. Nikamwalika mandari, yeye na watoto wake, chini ya migunga iliyochipua nje ya mji, upande wa Waberi.

Je, mandari bila maziwa mazuri ni mandari gani? Na ulimi wa Noor unajulikana Garissa nzima: akinywa funda moja, atakuambia ngamia alikula kichaka gani.

Nilianza kwa Fadumo, muuzaji wangu wa miaka yote. Nikaonja ya kwanza: yana chumvi, ngamia walilishwa kwenye vichaka vya magadi. Nikaonja yaliyotoka upande wa Masalani: mepesi, majani ya mtoni yamewajaza maji. Nikaonja susa, maziwa yaliyochacha: makali mno kwa watoto.

"Abayo, dada yangu," Fadumo akasema, "unaonja au unasahihisha mtihani?"

"Nasahihisha. Umefeli."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikasogea mbele.

Baada ya muuzaji wa mwisho, juani kabisa, alikuwa ameketi mwanamke wa miaka kama thelathini, mwenye kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Wengine wote walikuwa na madumu ya plastiki. Yeye alikuwa na dhiil, chombo cha mizizi iliyosukwa, cha zamani. Alipofunua kifuniko, povu lilikuwa bado linachemka taratibu, kama la maziwa yaliyokamuliwa dakika hiyo. Malisho ya karibu yalikuwa mwendo wa nusu siku. Povu hilo lilifikaje pale? Hebu niambie wewe.

Nikaonja. Mdomo wangu ukanitangulia: "Maziwa haya hayana mfano!"

Akafunika chombo haraka. "Sema Mashallah, binti, jicho lisije likaniua mara ya pili."

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa sokoni. Binti? Nilikuwa na umri wa kumzaa. Nikasema Mashallah, nikauliza bei.

"Chukua na chombo. Umekonda. Ukisoma huli?" Akanisukumia dhiil. "Mkubwa anywe kwanza, kabla ya chai."

Nilipoinama kuweka chombo kikapuni na kuinua kichwa, palikuwa na mchanga mtupu. Wallahi, hata alama ya mtu kuketi haikuwepo.

Mchana huo, chini ya migunga, Noor alifika na utani wake. "Shemeji, umenileta porini unizike kabla ya kadhi?"

"Kunywa kwanza. Nitakuzika ukishiba."

Akanywa funda moja. Hakumeza upesi. Akashusha kikombe, akanusa chombo.

"Nani alifukiza dhiil hii?"

Kwetu kila mwanamke ana kuni zake za kufukizia chombo cha maziwa, na mtoto hukua na moshi huo ulimini.

"Simjui. Kijana tu, ana kovu la moto mkononi."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Noor akafunika uso kwa kilemba chake. Watoto wakaacha mpira wakatutazama.

"Nilikuwa na miaka sita," akasema. "Nilipiga teke makaa ya mama ya kufukizia, yakamchoma mkono huo. Hakunichapa. Alinipa maziwa ninyamaze." Akaondoa kilemba usoni. "Na siku ya harusi yako nilimsikia, abayo. Alisema ngamia ni wako. Nilimsikia vizuri."

Tulipomimina kikombe cha mwisho, dhiil ilipasuka mikononi mwangu, kavu, kama iliyoachwa juani miaka mingi.

Jumatatu nilirudi kwa Fadumo, nikamuuliza ni nani huketi pale mwisho wa safu. "Pale?" akashangaa. "Pale nani akae, jua limkaange?" Tangu siku hiyo maziwa ya kila zizi ni maji ulimini mwangu, nami huyanywa kwa adabu tu. Wewe unayesoma, ukipewa maziwa yenye povu la moto mahali pasipo na zizi, usikatae, na utaje Mungu kabla ya kusifu. Lakini kama umeficha neno la marehemu, liseme leo, usisubiri kuletewa kikombe.

Jumatano, tarehe 18 Julai 2018, Noor alisimama mbele ya kadhi akatoa ushahidi dhidi ya dai lake mwenyewe. Kadhi akaandika kwamba ngamia na uzao wake ni mali yangu, akapiga muhuri. Tulipofika mlangoni, shemeji yangu alisitasita, akakohoa, akatazama viatu vyake.

"Abayo," akasema, "watoto wangu hawana maziwa mwaka huu. Ungeniazima mmoja wa kukamua?"

Nikamwambia achague mwenyewe.