Koko wa Viboksi Vinne

Mjukuu wangu anachora bede, hadithi za picha. Kila Jumamosi karatasi moja, yenye viboksi vinne, inatoka kwenye mashine ya fotokopi pale Kabondo, na watu wanainunua pamoja na mkate wa asubuhi. Ndani yake kuna koko mmoja, bibi kizee mwenye mdomo mkali. Anagombana na mji mzima: watu wa toleka, baiskeli za kubeba abiria, mtu wa umeme, wateja wake, pasta wa jirani. Kisangani yote inamjua. Wengine wanampiga picha na kumtuma kwenye simu mpaka Kinshasa.

Kitu kilichonikereketa mwaka mzima ni hiki: koko huyo hana uso wangu. Ana uso wa yule mama wa Yanonge.

Niseme wazi, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Mama wa Yanonge ni mama ya mke wa mtoto wangu, mukwe mwenzangu. Yeye anauza samaki wa moshi, mimi nauza maharagwe na viazi vya Butembo. Mjukuu alipozaliwa, msichana, walimpa jina la mukwe. Kwetu hapa ukimpa mtoto jina lako anakuwa ndoyi wako, na salamu yake ya kwanza ni yako. Nilikubali. Hata vigelegele nilipiga. Lakini yeye alitoa jina tu. Mtoto nilimlea mimi, maana wazazi wake walipata kazi Bengamisa, wakaniachia akiwa bado anatembea na kidole mdomoni.

Karatasi yake ya kwanza ilikuwa karton ya sabuni. Nilikuwa naipasua kwa kisu, nampa ule upande wa ndani usio na maandishi, na yeye anaokota makala yaliyozimika kwenye mbabula, jiko langu la makaa. Akikaa nyuma ya gunia la maharagwe, anachora wateja. Siku moja alimchora mama mmoja aliyependa sana kupunguza bei, akamwekea pua kama kiazi. Mama akajiona. Hajarudi kwangu mpaka leo. Nilimpiga mtoto kofi moja, kisha nikaingia nyuma nikacheka mpaka kitenge kikafunguka. Karton ile bado iko chini ya kitanda changu.

Alipomaliza shule, baba yake alitaka awe muuguzi. Nikasimama mbele ya mtoto wangu wa kumzaa.

"Papa, acha huyu mutoto. Damu anaiogopa. Wino haogopi."

Basi akaanza. Alipaka vichwa vya wanawake waliosukwa kwenye mbao za saluni. Kisha shirika moja la afya likamwita achore watu wanaonawa mikono. Mwaka mzima mikono, mikono, mpaka akaanza kuota mikono. Nilikuwa nampikia, namfulia mashati yenye wino, nafukuza watu wasimpigie kelele. Ndipo siku moja akaja sokoni na karatasi ya kwanza ya viboksi vinne, bado ina joto la mashine.

"Koko, angalia!"

Nikaangalia. Uso mpana, pengo la meno mbele, kitambaa kimefungwa kwa nyuma kama wanawake wa mtoni wanavyofunga. Na juu ya kichwa, beseni la samaki! Joto likanipanda kama nimekula pilipili nzima. Mawingu ya maneno juu ya kichwa chake hata sikuyasoma. Nilifika mwaka wa tatu wa primaire, shule ya msingi; kusoma najua, polepole. Lakini siku hiyo nani angesoma?

"Ni vizuri," nikasema. Nikaikunja ile karatasi, nikamfungia mteja maharagwe ndani yake.

Tangu hapo sikuigusa tena. Lakini sikupata amani. Yule mama alikuwa akishuka kwenye pirogi, mtumbwi wa kutoka kwao, na karatasi mkononi kama pasipoti. "Ndoyi wangu ananichora! Muone, ni mimi!" Jirani yangu wa viazi naye akapata wimbo: "Mama, mukwe wako iko vedeti, mji wote unamujua, na wewe je?" Nikamwambia auze viazi vyake vilivyooza, aniache.

Mwisho nilishindwa. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikakaa mbele ya mjukuu, mgongo wima, mdomo nimeufunga kama mtu anayepigwa picha ya kadi.

"Nichore na mimi."

Akashika penseli, akaniangalia, akaiweka chini.

"Koko, ukinyamaza hivi, sina kitu cha kuchora."

Kitenge hicho nilikirudisha sandukuni. Siku tatu nilimpikia sombe, majani ya muhogo, bila mawese. Aelewe mwenyewe.

Kisha parokia ikamwazima ukumbi aonyeshe kazi yake. Alikuza karatasi zote, akazitundika ukutani. Nilikwenda kwa sababu nisingekwenda watu wangesema nina wivu. Mama wa Yanonge alikuwa mlangoni tayari, anapokea wageni kama bibi harusi.

Pale mbele yangu mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa anamsomea mama yake asiyeona vizuri. Akasoma kwa sauti: "Maharagwe yangu unayachagua moja moja. Na mume wako, ulimchagua hivyo?"

Nikasimama. Maneno hayo ni yangu. Nimeyasema miaka kumi, kila siku ya soko.

Akasogea kwenye nyingine. Koko yuko juu ya toleka: "Polepole, papa, umebeba mifupa ya zamani!" Yangu. Akasogea tena. Koko anamfokea mtu wa umeme: "Umeme wenu iko kama mukwe wangu. Unakuja bila habari, unaenda bila kuaga!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hiyo nayo ilikuwa yangu, na mukwe niliyemsema alikuwa amesimama pale, anaangalia uso wake mwenyewe ukimtukana.

"Eh! Mimi sikusemaka hivi hata siku moja! Ni nani alisema?"

"Ni mimi," nikasema.

"Kumbe uso iko yangu, mudomo iko yako?"

"Hukusoma? Mwaka mzima unazunguka nayo!"

"Niliangalia uso wangu tu."

Nikaona kitu machoni mwake nikakifahamu mara moja, maana nimelala nacho mwaka mzima. Nilifurahi? Nilifurahi sana. Nitaungama kwa padri, si hapa.

Mjukuu akaja kati yetu. Nikamuuliza mbele ya watu kwa nini hakuweka na uso wangu.

"Koko, unakumbuka yule mama wa pua ya kiazi? Nikiweka uso wako na maneno yako pamoja, wateja wako wote watajiona. Utauzia nani?"

Nikarudi kwenye karatasi ya kwanza ukutani, nikaanza kusoma mwenyewe.

Sasa kila Jumamosi navaa miwani, naweka kidole chini ya herufi, nasoma kila wingu. Langu. Langu. Langu. Mpaka majuzi, kiboksi cha tatu, koko anamwambia pasta: "Una sura ya ngolo aliyesahauliwa juu ya moshi." Nikasoma mara mbili. Mimi ngolo, kambale wa mtoni, simjui ila ndani ya sahani. Nikafahamu kwamba kuna mtu amepita nyumbani nikiwa sokoni.

Alhamisi, siku mjukuu anapoanza kuchora, jirani akaniambia amemwona mama wa Yanonge na kikapu chake anaelekea kwangu. Nikafunika magunia saa nne asubuhi, kitu ambacho sijafanya hata kwa mazishi. Nikamkuta ameketi karibu na meza, anasimulia ya mtoni kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya pili, na mtoto anaandika.

Nikachukua kiti changu, nikakiweka katikati yake na meza.

"Karibu, mukwe," nikamwambia. "Sasa pumzisha mdomo kidogo. Niko na neno."