Mguu Uliokanyagwa na Upepo

Nilipokuwa mtoto Bondeni, mbwa sikuwaogopa, na mwalimu nilimwogopa kidogo tu, lakini kile kimbunga cha vumbi cha Januari, wee! Shosho, mama yake baba, aliyeishi nasi, alikiita ngoma, kwa lugha ya kwao. Alisema ni pepo za watu waliokufa, wanapita wakizunguka. Kikikujia unasimama wima, unajitemea mate kifuani, unanyamaza. Anayekimbia hukanyagwa, na kiungo kilichokanyagwa hukauka.

Siku hiyo tulikuwa tunacheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye uwanja ulio nyuma ya zile nyumba za kaunsili. Kilitokea upande wa ziwa, kirefu, kimebeba karatasi za nailoni. Wenzangu walisimama wakajitemea mate kama walivyofunzwa. Mimi nilitimua mbio. Nilipofika kwa mtaro mguu wa kulia ukapinduka, kitu kikalia ndani ya kifundo, na vumbi likanipitia juu. Nililia sana, na haukuwa uchungu peke yake. Nilijua nimekanyagwa.

Shosho hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Alinibeba mgongoni, akanilaza, akaufunga mguu kwa leso.

"Huu mguu usiguse chini, mami. Mpaka hiyo kitu iusahau."

Kesho yake mama alinipeleka hospitali, nikapigwa picha. Mfupa ulikuwa mzima, ni kuteguka tu. Daktari akasema uvimbe ukishuka nipelekwe kwa mtu wa fizio, anifanyishe mazoezi, nianze kuukanyagia.

"Kuukanyagia?" Shosho alishtuka mama alipomweleza. "Mama Njeri, mimi nimeona mguu ukikauka kwa macho yangu haya. Wewe umeona nini?"

Mama akachukua simu. Akampigia baba, aliyefanya kazi Olkaria na kuja nyumbani wikendi.

"Tungoje kidogo," baba akasema. "Mama hawezi kumtakia mtoto mabaya."

Basi tukangoja. Uvimbe ulishuka, shule zikafunguliwa, na mimi nililala tu, nikisikia wenzangu wakipita nje wakicheka. Hata chooni nilibebwa. Halafu siku moja mama akiniosha kwenye karai, nikaitazama miguu yangu ikiwa pamoja. Wa kulia ulikuwa mwembamba. Nikaushika, nikaushika na ule mwingine, nikarudia.

"Mama, umeanza kukauka."

Mama aliziba mdomo kwa mkono wenye povu. Haki, sijawahi kuogopa hivyo tena, hata siku ya kujifungua. Nilijiona mtu mzima anayetambaa palepale Bondeni, watoto wakimkimbia. Shosho alikuwa mlangoni.

"Si niliwaambia?" alisema, lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyefurahia kuwa sahihi.

Mama akasimama. "Kesho anaenda fizio. Ukitaka kunifukuza kwa sababu hiyo, Mama, nifukuze."

Shosho akasema, "Nitaenda na nyinyi."

Mtu wa fizio alikuwa msichana tu, mwenye vidole vya moto. Aliugeuza mguu huku na huku, akauliza kama nimekuwa nikitembea. Mama akasema sijaukanyagia tangu nianguke.

"Ndiyo maana umekonda," akasema. "Mguu ukilazwa, nyama inaisha. Akitembea itarudi."

"Ni wa huyu tu?" Shosho akauliza.

"Wa mtu yeyote, shosho. Hata wangu nikiulaza utakuwa hivyo."

Shosho alitafuta benchi akaketi. Alipozungumza alikuwa anatazama sakafu.

"Dada yangu Wangari tulimlaza. Alianguka akitoka kuteka maji, upepo ukampitia, mama yetu akasema asiguse chini. Mimi ndiye niliyewekwa kumchunga. Akijaribu kusimama, nilikuwa namrudisha kitandani kwa nguvu. Hakutembea tena."

Shosho alilia, na sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Msichana akaniambia nishuke kitandani. Nikakataa kabisa. Mama alinibembeleza, wapi! Niliona nikigusa tu hiyo simiti mguu utakufa. Ndipo Shosho akainuka, akajifuta uso, akaja akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Kanyaga, mami."

Nikakanyaga. Iliuma vibaya. Nikakanyaga tena.

Leo natembea vizuri, na watu nikiwasimulia hufurahi kwamba hospitali ilishinda ushirikina. Mimi huwaambia wasiharakishe. Shosho aliamini ngoma mpaka alipoaga dunia. Siku ile, akilini mwake, alikuwa akiniambia niuweke mguu penye hatari.

Kwa miaka mingi niliusifu ujasiri wa mama, na aliustahili. Lakini tangu nipate wangu wa kumlea, ninayemfikiria ni Shosho. Mama alihitaji tu kuamini kwamba nitatembea. Shosho, ili anishushe pale kitandani, ilibidi kwanza akubali kwamba Wangari angetembea kama yeye hangemzuia.